Mweusi lakini haulishi: uchambuzi wa kisa cha lori moja la udongo wa milimani katika kitalu cha Mombasa

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wenye vitalu, maafisa wa kilimo na wanafunzi wa sayansi ya udongo. Majina ya wahusika, mtaa wa kitalu na shamba lililochimbwa udongo yameondolewa. Vipimo vimeachwa kama vilivyotoka.

Usuli

Kitalu kiko upande wa bara kaskazini mwa Mombasa, juu ya mwamba wa matumbawe. Kinauza miche ya mboga, maua ya vyunguni na miti ya ua, hasa iksora, ambayo wateja wa Pwani huipenda kwa maua yake mekundu. Kwa miaka mingi mchanganyiko wa kupandia ulikuwa mmoja: sehemu tatu za udongo wa hapo hapo, wenye mchanga na vipande vya matumbawe, kwa sehemu moja ya samadi ya ng'ombe. Maji ni ya kisima kilichochimbwa katika mwamba huo huo.

Mchanganyiko huo ulifaa mboga, lakini iksora ziliteseka. Majani machanga yaligeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, dalili ya mmea uliokosa chuma. Udongo wa matumbawe una chokaa nyingi na pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambapo 7 ni katikati na chini yake ni uchachu, hupita 7.5, na katika hali hiyo chuma hujifunga kisiweze kuyeyuka, hata kama kimejaa tele.

Mwenye kitalu akatafuta udongo mwingine. Mwenye lori alimletea mita za ujazo sita za udongo kutoka miteremko ya juu ya vilima vya Taita, kwenye shamba lililopakana na msitu. Ulikuwa mweusi, mwepesi, unamomonyoka vizuri mkononi na una harufu ya msitu. "Mama, huu hauhitaji mbolea," alihakikishiwa. Lori lilishusha mzigo mwezi Februari, jua la kaskazi likiwa kali, ili miche iwe tayari kuuzwa masika yakianza.

Mambo yalivyokwenda

Mita moja ya ujazo ilijazwa kwenye viriba vya lita moja na kupandwa nyanya, pilipili mboga, spinachi na mchicha. Mita nyingine ilijazwa kwenye mifuko ya lita tano kwa ajili ya iksora. Hakuna kilichochanganywa na udongo huo, isipokuwa viriba vichache vya nyanya ambavyo kijana mmoja wa kitalu alivitilia theluthi moja ya samadi kwa mazoea yake.

Mbegu ziliota vizuri. Katika juma la tatu miche ya mboga ilisimama. Nyanya ziligeuka zambarau upande wa chini wa majani. Spinachi ilibaki na majani mawili ya mwanzo pamoja na madogo mawili yaliyojikunja. Mchicha, unaoota hata kwenye nyufa za ukuta, ulidumaa. Iksora, kinyume chake, zilitoa majani mapya ya kijani kibichi.

Jambo la pili halikutiliwa maanani mwanzoni. Lundo lililobaki lilikauka juani, na tangu hapo maji yaliyomwagiwa yalitiririka juu yake bila kuzama. Viriba vilivyojazwa udongo huo mkavu vililowa pembeni tu, katikati vikabaki vikavu kama unga.

Mwenye kitalu alipima pH kwa kifaa cha rangi kilichonunuliwa dukani: kijiko kimoja cha udongo ndani ya glasi ya maji ya kisima. Rangi ilionyesha takriban 6.8. Kwa kipimo hicho udongo ulionekana hauna kasoro, na lawama ikaangukia njaa ya mbolea. Kila kiriba kikapewa DAP, mbolea ya nitrojeni na fosforasi, nusu kijiko cha chai. Siku kumi baadaye hali ilikuwa mbaya zaidi, na ncha za majani zilianza kuungua.

Ndipo jirani mwenye uzoefu wa shamba la bara akasema huo ni udongo mchachu na unataka chokaa. Alisema kweli. Lakini chokaa iliyokuwa karibu ni ya kujengea, na ilitiwa kiganja kimoja kwa kila kiriba. Viriba vyote mia moja na ushei vilivyotiwa chokaa hiyo vilikufa ndani ya siku nne.

Hapo mshauri wa udongo aliitwa. Kitu cha kwanza alichofanya ni kung'oa miche michache na kuosha mizizi. Ilikuwa mifupi, minene, yenye ncha za kahawia, na vijizizi vyembamba vya pembeni havikuwepo kabisa. Mizizi ya namna hiyo kwenye udongo mwepesi usio na kizuizi ni alama ya sumu ya alumini. Miche iliyotiwa samadi theluthi moja ilikuwa na mizizi mirefu zaidi, japo nayo haikupendeza.

Vipimo, na jinsi ya kuvisoma

pH ilipimwa upya kitaluni kwa utaratibu unaokubalika: gramu 10 za udongo uliokaushwa kivulini na kuchekechwa, mililita 25 za maji yaliyotoneshwa, kukoroga, kungoja nusu saa, kisha kusoma kwa kipimo cha umeme. Maji yaliyotoneshwa hupatikana kwenye vituo vya petroli kama maji ya betri. Hakikisha ni maji, si asidi ya betri, kwa sababu chupa hufanana. Jibu lilikuwa 4.7.

Tofauti ya 6.8 na 4.7 haikutokana na ubovu wa kifaa cha dukani. Maji ya kisima cha matumbawe hubeba bikaboneti, na ya kisima hiki yalikuwa na uwezo wa kuzima uchachu sawa na ule wa miligramu 300 za kalsiamu kaboneti kwa lita. Gramu tano za udongo ndani ya glasi ya mililita 200 zinakutana na miligramu 60 za chokaa iliyoyeyuka. Kilichopimwa kilikuwa kisima. Kosa hili ni rahisi sana kulifanya mahali popote Pwani, na lilikula zaidi ya majuma mawili ya msimu.

Sampuli ilipelekwa maabara, ikarudi na majibu haya:

pH ndani ya maji 4.7, ndani ya mmumunyo wa KCl (chumvi ya potasiamu kloridi) 3.9. Kaboni ya mboji asilimia 4.8, ambayo ikizidishwa kwa 1.72 inakuwa takriban asilimia 8.3 ya mboji. Uwezo wa kushika madini, ule unaoandikwa CEC, 22 cmol/kg (sentimoli za chaji kwa kilo ya udongo). Kwa kipimo hicho hicho: kalsiamu 3.0, magnesiamu 1.5, potasiamu 0.4, sodiamu 0.2. Alumini inayobadilishana 2.3. Fosforasi inayopatikana kwa mmea ni ndogo sana. Umbile ni tifutifu ya mchanga na mfinyanzi.

Watu wengi wakipokea karatasi kama hii husoma kaboni na CEC, wakafurahi. Zote mbili ni kubwa. Lakini CEC inahesabu nafasi zote za kushika madini zilizo kwenye mboji na mfinyanzi; haisemi ni nani amezikalia. Jumla ya besi nne, yaani kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na sodiamu, ni 5.1. Gawanya kwa 22, unapata asilimia 23. Nafasi zilizobaki, zaidi ya robo tatu, zimekaliwa na hidrojeni na alumini. Na ukilinganisha alumini na besi peke yake, alumini ni 2.3 kati ya 7.4, yaani asilimia 31 ya chaji iliyo hai katika pH ya udongo wenyewe. Spinachi na mchicha haziwezi kuvumilia kiwango hicho. Chai, nanasi na mihogo hustahimili.

Tofauti kati ya pH ya maji na ya KCl nayo ina maana. KCl huifukuza alumini iliyoshikwa kwenye chembe ikatoka kwenye maji, hivyo kushuka kutoka 4.7 hadi 3.9 kunaonyesha akiba kubwa ya uchachu iliyofichika. Udongo wa mboji nyingi haubadiliki pH kwa chokaa kidogo, kwa sababu kila ukiondoa hidrojeni moja mboji hutoa nyingine.

Kuupa udongo jina

Mwenye kitalu aliuliza swali la maana: udongo huu unaitwaje, ili ajue kuukataa au kuuomba siku nyingine? Hapa panahitaji uangalifu. Lundo la lori halina jina. Uainishaji wa udongo husoma wima, tabaka juu ya tabaka, mahali udongo ulipozaliwa. Lori huchanganya yote. Kwa hiyo mwenye lori aliombwa ampeleke mtu alipochimba, na kwenye ukingo wa shimo lile lile ukuta wa wima ulisafishwa kwa jembe na kupimwa.

Sentimita 0 hadi 35 palikuwa na tabaka jeusi. Kwa kitabu cha rangi cha Munsell lilisoma 10YR 2/2 (10YR ni aina ya rangi, namba ya kwanza ni thamani yaani weupe wake, ya pili ni ukolezi) likiwa na unyevu na 10YR 4/2 likiwa kavu. Chembe zake zilijikusanya katika punje ndogo zisizoshikana. Mizizi mingi ililala mlalo ndani ya tabaka hilo badala ya kushuka, ingawa chini hapakuwa na mwamba wala tabaka gumu. Sentimita 35 hadi 80 udongo uligeuka kahawia nyekundu, wenye muundo hafifu. Chini ya hapo palikuwa na jiwe la nisi lililooza, ambalo bado lilionyesha mistari yake.

Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo, WRB, uliotoka mara ya kwanza 1998 na ambao toleo lake la nne ni la 2022, tabaka la juu la namna hii hupimwa kwa masharti machache. Unene usiopungua sentimita 20. Rangi ya giza: thamani isiyozidi 3 likiwa na unyevu na isiyozidi 5 likiwa kavu, ukolezi usiozidi 3 likiwa na unyevu. Kaboni ya mboji isiyopungua asilimia 0.6. Muundo usiokuwa bonge gumu. Masharti hayo yote ni yale yale kwa tabaka la moliki, ambalo ndilo linalofanya udongo mweusi wa nyika usifiwe duniani kote. Linalotenganisha ni moja tu: asilimia ya besi. Ikiwa 50 au zaidi, tabaka ni moliki. Ikiwa chini ya 50, tabaka ni umbriki. Kwa macho huwezi kuyatofautisha. Shambani, pH ya maji iliyo chini ya takriban 5.5 huashiria umbriki, na mizizi inayolala mlalo bila kizuizi ni ushahidi wa pili. Vyote viwili vilikuwepo hapa.

Tabaka la umbriki peke yake halitoshi kutoa jina. Ufunguo wa WRB, yaani orodha ya makundi ya udongo, hupitiwa kwa mpangilio, na kila kundi likataliwe kwa sababu. Histosoli, udongo wa mabaki ya mimea, ilikataliwa kwa sababu kaboni ni ndogo mno. Andosoli, udongo wa asili ya volkano, ilifikiriwa kwa uzito zaidi: nayo huwa nyeusi, nyepesi na chachu, na vilima vya Chyulu vyenye asili ya volkano haviko mbali na Taita. Lundo la kitaluni lilikuwa na uzito wa gramu 0.85 kwa sentimita ya ujazo, ambayo ni chini ya kikomo cha 0.9. Lakini uzito wa lundo lililovurugwa si ushahidi. Bomba lililopigwa kwenye ukingo wa shimo lilitoa 0.98. Kipimo cha maabara cha alumini pamoja na nusu ya chuma kinachoyeyuka kwenye oksaleti kilitoa asilimia 0.8, na Andosoli hutaka 2. Podzoli ilikataliwa kwa kukosa tabaka la kijivu lililooshwa na lile la chini lililopokea. Nitisoli na Ferralsoli, makundi mengine mawili, hazikulingana na tabaka la chini.

Jina lililopatikana ni Umbrisoli (udongo wa tabaka la umbriki) ya Kambiki (tabaka la chini lililoanza kubadilika), yenye mboji nyingi na umbile la tifutifu. Anayesoma ripoti za zamani za Kenya, zilizofuata mfumo wa FAO wa 1974, ataukuta udongo wa namna hii ukiitwa Kambisoli ya Humiki. Mfumo wa Marekani wa 1975 uliuweka katika Umbrepti, kundi lililofutwa katika toleo la 1999. Jambo jingine la kujihadhari nalo: katika WRB ya 2006 Umbrisoli zilikuja baada ya Akrisoli kwenye ufunguo, tangu 2014 zinatangulia. Udongo ule ule wenye weusi mchachu juu na mfinyanzi ulioshuka chini unaweza kubeba majina mawili katika ripoti mbili sahihi. Kwa sababu hiyo jina la udongo liandikwe pamoja na mwaka wa toleo.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoutupa udongo, na kutoutibu wote. Mita nne za ujazo zilizobaki ziligawanywa nusu kwa nusu. Nusu ya iksora ibaki chachu, kwa sababu uchachu ndio uliozifaa. Nusu ya mboga itiwe chokaa.

Kiasi cha chokaa hakikuchukuliwa kwenye jedwali. Kila cmol moja ya alumini kwa kilo huhitaji gramu 0.5 za kalsiamu kaboneti kwa kilo ya udongo, hivyo 2.3 ingehitaji gramu 1.15. Mboji nayo huchukua sehemu yake, na katika udongo kama huu hesabu huzidishwa mara mbili hadi tatu. Ili kujua hasa, vilijazwa viriba vya kilo moja vyenye gramu 0, 2, 3.5 na 6 za chokaa laini ya kilimo, vikalowanishwa kwa maji yaliyotoneshwa na kuachwa kivulini majuma mawili. pH ilisomeka 4.7, 5.1, 5.5 na 6.0. Ikachaguliwa gramu 3.5.

Kwa nini isiwe 6? Lengo ni kuizima alumini, na hilo hutimia pH ikifika 5.5. Kupita hapo ni kulipia chokaa isiyo na kazi, kuufanya chuma na zinki vijifunge, na kuichochea mboji iliwe haraka zaidi na vijidudu. Isitoshe, maji ya kisima yangeendelea kuongeza chokaa kila siku.

Vumbi la matumbawe kutoka machimbo ya mawe ya kujengea lilijaribiwa pia, baada ya kupitishwa chekecheke la unga. Kwa gramu 3.5 lilifikisha 5.2 tu kwa majuma mawili, kwa kuwa punje zake ni kubwa na huyeyuka polepole. Ni nzuri kwa anayeweza kungoja miezi. Lakini likusanywe mbali na ufuo, au lioshwe chumvi kwanza.

Toroli moja la lita 60 lilikuwa na kilo 51 za udongo, hivyo lilipewa gramu 180 za chokaa. Udongo ulitandazwa juu ya turubai kwa unene wa kiganja, chokaa ikanyunyizwa, ukageuzwa kwa beleshi mara tatu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Unyevu ulikuwa ule wa kufinya bonge likashika bila kudondosha maji. Baada ya majuma mawili chini ya magunia, iliongezwa TSP, mbolea ya fosforasi, gramu 60 hadi 90 kwa toroli. TSP ilingoja zamu yake kwa sababu fosforasi ikikutana na alumini iliyo hai hufungwa papo hapo. Zambarau ya nyanya ilikuwa njaa ya fosforasi. DAP iliachwa kwa sababu amonia iliyomo, ikigeuka nitrati, huzaa uchachu mpya. Nitrojeni ilitolewa kwa mbolea ya CAN.

Mchanganyiko wa mwisho wa mboga: sehemu mbili za udongo uliotibiwa, moja ya mchanga wa mto, moja ya samadi iliyoiva. Mchanga wa ufuoni haukutumika kwa sababu ni matumbawe yaliyosagika, na hesabu yote ya chokaa ingevurugika.

Lundo lililogoma kunywa maji lilifunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, likanyunyiziwa kidogo kidogo kwa siku tano. Mboji chachu ikikauka kabisa hujipaka nta inayofukuza maji, na kumwaga ndoo nzima hakusaidii.

Matokeo

Mboga za awamu ya pili zilifikia kimo cha kuuzwa kwa majuma matano. Spinachi ilikuwa ya mwisho kukaa sawa. Msimu wa mauzo wa mwanzo wa masika ulikuwa umepita, kwa hiyo hasara ya fedha haikurudi yote.

Iksora ndizo zilizoleta fundisho lisilotarajiwa. Miezi mitatu ya kwanza zilikuwa bora kuliko zote zilizowahi kutoka kitaluni hapo. Mwezi wa nne, majani machanga ya mifuko iliyokuwa mbali na tangi la mvua, ambayo ilinyweshwa kisima peke yake, yalianza manjano. pH ndani ya mifuko hiyo ilikuwa imepanda hadi 5.9. Hesabu inaonyesha njia: nusu lita kwa siku yenye miligramu 300 kwa lita ni gramu 0.15 za chokaa. Siku mia moja ni gramu 15. Mfuko wa lita tano una kilo 4.25 za udongo, ambazo kwa gramu 3.5 kwa kilo huhitaji takriban gramu 15 kufikia 5.5. Kisima kilikuwa kimeweka kipimo kamili cha chokaa bila mtu kukusudia. Mifuko iliyonyweshwa maji ya mvua ya paa la mabati ilibaki chini ya 5.

Baadhi ya iksora nzuri ziliuzwa na kupandwa kwenye bustani zilizo juu ya matumbawe. Nyingi zilirudi manjano mizizi ilipotoka nje ya bonge la asili. Waliopewa ushauri wa kutumia chuma walinunua cha EDTA (chuma kilichofungwa katika kiungo cha kukizuia kisijifunge udongoni), ambacho hakidumu pH ikipita takriban 6.5. Kwenye matumbawe kinachofaa ni chuma cha EDDHA, kiungo kingine cha namna hiyo, kinachostahimili hadi pH ya 9.

Uchambuzi

Kosa la msingi lilikuwa kuusoma weusi kama rutuba. Weusi husema kaboni ipo, basi. Katika eneo la Mombasa na jirani zake pana weusi wa aina nne zinazoweza kufika kwenye lori. Umbriki wa milima yenye mvua, mchachu kwa sababu mvua imeosha besi kwa muda mrefu na jiwe la nisi halikuwa nazo nyingi za kurudisha. Moliki, wenye besi. Mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi, ambao weusi wake hauendi na mboji nyingi na ambao mara nyingi hauna uchachu. Na tope jeusi la mikoko, kama la hori za Tudor na Port Reitz, lenye chumvi na salfidi: likikaushwa, salfidi hugeuka asidi ya salfuri na pH inaweza kushuka chini ya 4. Hilo la mwisho lisikaribie kitalu kwa hali yoyote. Uchachu wake hauhusiani na mvua wala mboji, na chokaa ya gramu 3.5 haiwezi kuuzima.

Kosa la pili ni kipimo cha pH kwa maji ya kisima. Hili liliharibu zaidi kuliko mengine kwa sababu lilimpa mtu hakika isiyo ya kweli. Bila kipimo chochote angeendelea kutilia shaka udongo.

Chokaa ya kujengea ilikuwa tiba sahihi kwa dawa isiyo yake. Kiganja cha gramu 40 ndani ya kiriba cha kilo 0.85 ni gramu 47 kwa kilo, zaidi ya mara kumi ya kilichohitajika, na kila gramu ya chokaa hiyo ya kujengea, iliyozimwa kwa maji, ina nguvu ya gramu 1.35 za ile ya kilimo. Mizizi iliungua.

Kilichofaa bila kupangwa ni samadi ya yule kijana. Samadi huifunga alumini katika viungo vya mboji, na huleta kalsiamu na potasiamu. Miche ya viriba vile ilikuwa jaribio lenye jibu tayari katika juma la tatu. Ilitosha kuing'oa na kuilinganisha na mingine. Kila kitalu kinachopokea udongo mgeni kingefaidika kuacha viriba kumi vya mchanganyiko tofauti kando, kabla ya kujaza mia tano.

Kilichofaa kwa kupangwa ni jaribio la majuma mawili la chokaa. Jedwali la jumla lingetoa kiasi cha udongo wa mboji kidogo, na pH ingesimama kwenye 5.0.

Lipo suala ambalo tiba yoyote haiwezi kulifikia. Umbrisoli huweka mboji nyingi kwa sababu kuna baridi, unyevu wa kudumu na alumini inayoikinga mboji isiliwe. Ukiuleta Mombasa, penye wastani wa nyuzijoto 26 hadi 27, ukaiondoa alumini kwa chokaa, umeondoa walinzi wote watatu. Kasi ya kuoza huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzijoto kumi. Mifuko ya iksora ilishuka sentimita mbili hadi tatu kwa miezi sita, na rangi ilianza kufifia. Udongo huo unauzwa kama kitu cha kudumu, ilhali Pwani unatumika kama mbolea ya misimu michache. Na kule mteremkoni palipochimbwa, tabaka la sentimita 35 lililoondoka halitarudi katika umri wa mwenye shamba. Kilichobaki juu sasa ni kahawia nyekundu yenye besi chache na mboji kidogo, wazi kwa mvua.

Kwa sababu hiyo lori la pili halikuagizwa. Mboga zimerudi kwenye udongo wa matumbawe wenye samadi, ambao hazikuwa na tatizo nao tangu mwanzo. Iksora zinajaribiwa kwenye vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa kwa maji ya mvua mara tatu, kwa kuwa makumbi mengi hulowekwa kwenye maji ya bahari, likichanganywa na mboji ya majani sehemu nne kwa moja. Tangi la mvua limeongezwa la pili, na kisima kimefungiwa upande wa mboga tu.